Mnyonge Jukwaani, Kigogo Kitini

Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa kazi mbili zilizowatetea watu wale wale: mkulima aliyepokonywa shamba na kibarua anayelipwa ujira usiotosha hata unga. Ya kwanza ilikuwa riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood. Julai ilizinduliwa Nairobi kwa heshima zote, na aliyeizindua ni Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha wa serikali ile ile iliyokuwa ikisutwa humo kitabuni. Ya pili ilikuwa tamthilia ya Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ilianza kuonyeshwa Oktoba 2 kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Novemba 16 kibali kikafutwa. Mwaka haujaisha, mwandishi akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, na hakutoka hadi Disemba 1978.

Ujumbe wa kazi hizo mbili ulikuwa mmoja. Waliokaa kuusikiliza ndio waliotofautiana.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa kila ukumbi wa mkoani au wa kaunti unapofikiria kuandaa msimu wa michezo kuhusu wanyonge. Ni mada yenye kupendwa. Wafadhili wanaipenda, magazeti yanaipenda, na hakuna mwanasiasa atakayesimama kusema kwamba yeye yuko upande wa wanaoonea wenzao. Lakini mada isiyo na mpinzani hata mmoja inafaa kutiliwa shaka. Kigogo anaweza kukaa mstari wa mbele, akamwona dhulumati akianguka jukwaani, akapiga makofi kwa moyo mkunjufu, kisha akarudi ofisini kuendelea na shughuli zake. Kwake yeye, dhulumati siku zote ni mtu mwingine.

Kwa hiyo kuwepo kwa kabwela jukwaani si kipimo cha kutosha. Mimi ninatumia viwili: nani amekaa ukumbini, na nani anaruhusiwa kuubishia mwisho wa mchezo.

Tuitazame Kamĩrĩĩthũ kwa karibu. Vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, akina mama wa kijijini na vijana wasio na ajira walijijengea ukumbi wa wazi wa viti zaidi ya 2,000. Ramani ya jukwaa haikutoka kwa msanifu majengo. Tarishi mmoja wa ofisi alipanga njiti za kiberiti chini, akatengeneza kielelezo kidogo, na kutoka hapo jukwaa likainuliwa. Mazoezi yalifanyika hadharani, na kila aliyepita aliweza kusimama kutazama na kutia neno. Wazee waliwakosoa waandishi pale mzee wa kwenye mchezo alipotamka maneno yasiyomstahili mtu wa umri wake. Wafanyakazi wa viwandani walisahihisha habari za kazi na mishahara, kwa kuwa wao ndio waliozijua. Mhusika mkuu, Kĩgũũnda, ana ekari moja na nusu na hati ya shamba anayoitunza kama mboni ya jicho. Tajiri wake anamsukuma afunge ndoa ya kanisani. Anakopa benki, anaweka shamba rehani, na shamba linakwenda. Limuru ni mahali ambapo walowezi walitwaa ardhi na kuigeuza mashamba ya chai. Hakuna mtazamaji wa pale aliyehitaji kuelezwa maana ya kipande kile cha karatasi.

Hapo vipimo vyote viwili vilitimia. Wahusika ndio waliokuwa watazamaji, na watazamaji walikuwa wameushika mchezo mikononi mwao tangu siku ya mazoezi. Ndiyo maana hofu ya wakubwa haikuishia 1977. Mchezo uliofuata, Maitũ Njugĩra, ulizuiwa mwaka 1982, na mwaka huo huo polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe.

Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, alipata funzo la lugha kutokana na mkasa huo, na akalishikilia maisha yake yote: andika kwa lugha ya watu unaowaandikia. Hakukosea. Hata hivyo, lugha peke yake haitoshi, na ushahidi tunao kila siku vijijini.

Gari linafika sokoni, spika zinafungwa, ngoma inapigwa, watu wanajaa. Kisha inaigizwa hadithi ya mama maskini aliyepuuza chandarua. Mtoto anaugua malaria, jirani mwerevu anamshauri, mama anatubu, mambo yanakuwa mema, nyimbo zinaimbwa. Lugha ni ya pale pale, kiingilio ni bure, waliosimama juani ni makabwela watupu. Lakini mwisho wa hadithi ulikwisha kuandikwa katika andiko la mradi kabla gari halijaondoka mjini. Mkosaji daima ni yule mama. Husikii mhusika akiuliza kwa nini zahanati haina dawa, wala nani aliyelichukua fungu la barabara ambayo mgonjwa angepitishwa. Chandarua kinaokoa maisha, na anayekihimiza anafanya kazi njema. Ila hilo ni tangazo la afya lililovalishwa maleba, na mnyonge ameitwa pale aje kuambiwa kwamba shida zake amejitakia.

Njia nyingine ilikwisha kuonyeshwa Tanzania. Miaka ya 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, bila mchezo mkononi. Walianza kwa kuuliza wanakijiji kinachowasumbua ni nini. Mambo kama mimba za wanafunzi yakaibuka, mambo yanayogusa heshima za watu wazima wa pale pale. Vijana wakayatungia onyesho kwa ngoma na michezo ya kwao, na mjadala ukahesabiwa kuwa sehemu ya onyesho. Augusto Boal wa Brazil alikwenda mbali zaidi. Katika michezo yake mtazamaji aliweza kusema "simama", akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Tayari mwaka 1971 watawala wa kijeshi wa nchi yake walikuwa wamemkamata, kisha akaenda kuishi uhamishoni. Wakubwa wa nchi mbalimbali, bila kushauriana, wamekuwa na hisia kali sana ya kutambua mchezo upi wa kuachwa na upi wa kuzimwa.

Kuna ukumbi mwingine ambao wahakiki huusahau, nao pengine ndio mkubwa kuliko yote Kenya: bwalo la shule ya sekondari. Vikundi vya waigizaji huzunguka nchini vikionyesha vitabu teule. Kwa miaka kadhaa vilicheza Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia ya wanyonge kwelikweli. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, analifunga soko la Chapakazi. Tunu na Sudi wanamkabili. Umma unasimama nao. Meza za chakula zinasogezwa ukutani, mwigizaji mmoja anabeba nafasi tatu kwa kubadilisha koti na kofia, na mamia ya wanafunzi wanamtangulia kwa maneno kwa sababu wamekwisha kuyakariri. Wengi wao ni watoto wa wachuuzi wa masoko kama lile la Chapakazi. Kwa kipimo cha kwanza, ukumbi huo umefaulu kuliko ukumbi wowote wa Nairobi.

Kwa kipimo cha pili unaanguka. Baada ya onyesho linakuja swali la mtihani: fafanua maudhui ya ukombozi, alama ishirini. Jibu liko kwenye mwongozo. Mwanafunzi anayeona kwamba ushindi wa Tunu umekuja kwa wepesi mno, au anayejiuliza Sagamoyo itatawaliwa vipi kesho yake, hana pa kuliweka wazo hilo. Hili si kosa la mwandishi. Ni jinsi tunavyoipokea kazi yake.

Hapo ndipo suala la mwisho wa mchezo linapokuwa zito. Msimu wa wanyonge ukiachiwa mazoea, utajaa ushindi. Sisi wenyewe tumelelewa hivyo: Sungura anamtia Fisi kwenye mtego, Abunuwasi anamfunga Sultani mdomo, tunacheka mpaka machozi. Ni hadithi tamu na hazitakufa. Lakini kesho yake Simba bado ni mfalme na Sultani bado yuko barazani. Mjanja amejiokoa mwenyewe, na waliobaki wanasubiri mjanja mwingine azaliwe. Kigogo hana sababu ya kuiogopa hadithi ya namna hiyo, maana inamwambia mnyonge kwamba asipofanikiwa ni kwa kukosa akili.

Ebrahim Hussein aliikataa raha hiyo. Katika Kinjeketile, tamthilia ya mwaka 1969, aliwachukua watu wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na kutuonyesha wakishindwa. Maji ya dawa waliyoyaamini hayakuzuia risasi. Mwishoni Kinjeketile, kiongozi aliyewapa maji hayo, yuko mikononi mwa Wajerumani, ameumizwa, na anatakiwa aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe ana shaka nayo. Bado anakataa, kwa kuona kwamba akikana, vizazi vijavyo vitafundishwa kuwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Je, amefanya sawa? Watu walikufa kwa kuamini maji. Kitunda, kamanda wake, ana hoja nzito upande wa pili, na mwandishi hamfichi. Mtazamaji anatoka akibishana na jirani yake.

Mfano huo unanisahihisha nisije nikakiweka kipimo changu cha pili kwa ukali mno. Hussein aliandika peke yake, na hakuna aliyesimamisha onyesho kumpokonya mhusika. Mchezo unaotungwa na watu hamsini huweza kuwa mkutano wa hadhara tu wenye mavazi. Haki ya kuubishia mwisho inaweza kutolewa na mwandishi mmoja aliye mwaminifu, mradi asiufunge mjadala kabla taa hazijawashwa.

Na hiki kipimo cha kwanza, cha watazamaji, kina uzito gani leo? Aprili 2025 ilijibu. Wasichana wa Shule ya Butere, kutoka Kakamega, walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala. Walikuwa wameondolewa mashindanoni, na Mahakama Kuu ikaamuru warudishwe. Malala akakamatwa usiku wa kuamkia onyesho. Asubuhi wasichana walipelekwa ukumbini, wakakuta mwongozaji wao hayupo na watazamaji hawapo. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka, wakapanda basi. Nje, polisi waliwarushia mabomu ya machozi waliokuja kutazama. Amri ya mahakama ilikuwa imeheshimiwa kijuujuu: jukwaa lilikuwepo, waigizaji walikuwepo, ila viti vilikuwa vitupu. Wanafunzi hao walielewa kwamba mchezo bila watu si mchezo.

Wapo wanaosema Malala ni mwanasiasa, aliyewahi kuwa seneta na katibu mkuu wa chama tawala, na kwamba anawatumia watoto wa watu kupigana vita vyake. Hoja hiyo si ya kutupwa. Mwaka 2013 pia mchezo wake Shackles of Doom, uliochezwa na shule hiyo hiyo, ulipigwa marufuku kwa madai ya kuchochea ukabila, hadi Mahakama Kuu ilipouruhusu. Mtu mwenye masilahi anaweza kumvaa mnyonge kama kanzu. Lakini dawa ya hilo ni majaji wa tamasha kumnyima alama, mwalimu kuuliza maswali magumu, na mtazamaji kuguna mahali ambapo hakushawishika. Bomu la machozi halihakiki tamthilia. Tena wasichana walioamua wenyewe kuondoka siwaoni kama vibaraka wa mtu.

Basi ukumbi wa mkoani ufanye nini? Kenya haiwezi kujitetea kwamba jambo hili halina mwenyewe. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Kaunti inayotaka msimu wa wanyonge ianze na ratiba kabla ya mada. Onyesho la saa moja usiku katikati ya mji limekwisha kumfungia nje mama anayefunga kibanda saa mbili na anayetegemea matatu ya mwisho. Liwe Jumapili alasiri, karibu na soko au stendi. Mazoezi mawili ya mwisho yawe wazi kwa yeyote. Nusu saa baada ya mchezo iwe ya watazamaji, bila mgeni rasmi kupewa kipaza sauti kwanza. Na katika kila michezo minne, mmoja uwe ule ambao mnyonge anashindwa, au anashinda kisha anaanza kufanana na aliyemshinda.

Haya hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji kiingilio kidogo, nauli za waigizaji na umeme wa saa chache. Kaunti ikisema haina fungu la hayo, iulizwe inakopata fedha za mahema, mazulia mekundu na viti vya kitambaa vya waheshimiwa kila inapofanya sherehe.