Msiba wa Kujitakia Hauna Kilio?

Sisi watu wa pwani twaipenda mno methali hii: msiba wa kujitakia hauna kilio. Twamwambia mlevi aliyefilisika, na kijana asiyesikia la mkuu. Lakini mwaka 2019 niliisikia ikisemwa mahali ambapo haikufaa hata kidogo, na tangu siku hiyo imenikaa moyoni.

Mahali penyewe ni Gesima, katika nchi ya Wakisii, Kaunti ya Nyamira, kwenye vilima vya migomba na majani chai. Nilikwenda kumpa pole rafiki yangu niliyefanya naye kazi Mombasa. Ndugu yake alikuwa amejiua. Nilidhani nitakuta mazishi, kumbe watu wamekaa wakingoja. Maiti iko mochari, karatasi ziko kwa polisi, na mjane yuko jikoni peke yake, hasemeshwi na mtu. Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi bandarini kwetu, ndiye aliyeitamka methali ile. Wala hakumkusudia marehemu. Alikuwa akimtazama mjane.

Ndugu msomaji, kwanza na tufahamu sheria inataka nini. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai yasema kwamba mkuu wa kituo cha polisi akipata habari kuwa mtu amejiua, ampashe hakimu habari mara moja, kisha afike maiti ilipo, achunguze, aandike ripoti ya sababu ya kifo na majeraha aliyoyaona. Hakimu naye aweza kufanya uchunguzi wake mwenyewe, kuita mashahidi, na hata kuamuru maiti iliyokwisha zikwa ifukuliwe. Akiona pana mkono wa mtu, mtu huyo hukamatwa.

Sheria hii ina hekima. Wako waliouawa, kisha wauaji wakasema wamejiua. Na wako waliojiua kweli, kisha jirani asiye na hatia akaitwa muuaji. Uchunguzi ndio unaowatenga wawili hawa.

Taabu huja uchunguzi unapokokotwa. Kule Gesima kila siku iliyopita ilikuwa na gharama yake mochari, na kila jioni ilizaa uvumi mpya. Leo yasemwa mke alimnunia mumewe. Kesho yasemwa ni deni. Keshokutwa ni shamba. Askari waliuliza maswali yao siku moja wakaenda zao, na hapana aliyerudi kuwaambia wenyeji walichokiona. Basi kijiji kikajifanya hakimu, kikamhukumu mjane. Bila karatasi hizo cheti cha kifo hukawia, na bila cheti mirathi haigawanywi, benki haitoi kitu, na kampuni ya bima nayo hutafuta sharti la kukatalia malipo.

Zaidi ya hayo, siku zile sheria yenyewe ilimhesabu mwenye kujaribu kujiua kuwa mkosaji. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, tulichorithi kwa Waingereza, kiliweza kumtia gerezani hadi miaka 2. Waingereza wenyewe waliiacha sheria kama hiyo mwaka 1961. Sisi tulikaa nayo mpaka tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kabla ya hapo, ni mama gani angethubutu kumpeleka mwanawe hospitali akasema kweli?

Tusiwacheke watu wa bara. Kwetu twafanya la pili: twaficha. Maiti huzikwa kabla ya alasiri, husemwa ni homa ya ghafla, mlango ukafungwa. Twadhani twaisitiri nyumba, kumbe twaiacha na shaka ambayo hapana wa kuiondoa. Na pakiwa na dhuluma, tumemzika shahidi wa kwanza.

Kujiua ni dhambi kubwa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliacha kumsalia mtu aliyejiua. Lakini wanavyuoni walieleza kuwa hilo ni onyo kwa watu, na wengine walimsalia. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, kama ya Abu Hanifa na Malik, mtu huyo huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu. Na mwenye kurukwa na akili, kalamu imeondolewa juu yake. Ikiwa maiti mwenyewe hanyimwi sala, kwa nini mjane anyimwe salamu?

Mimi naomba mambo mawili. Polisi wamalize kazi yao upesi na kwa staha, wawaambie wafiwa matokeo kwa lugha wanayoielewa. Nasi majirani tusiwe mahakama. Tupeleke chakula, tukae na mjane, na tukimwona mtu uso umembadilika, tumuulize mapema na tumfikishe kwa daktari.

Mjane wa Gesima hakujitakia msiba wake. Wala watoto wake. Kilio chao ni haki yao.