Mpaka wa Ziwa Haupimwi Wakati wa Kiangazi

Juma hili nataka tufikiri pamoja juu ya jambo linalowahusu wale wanaoweka akiba wapate kununua kiwanja kando ya maji. Linawahusu pia makarani wenzangu, ambao karatasi za viwanja hivyo hupita mikononi mwao.

Tutazame Ziwa Naivasha. Ziwa hili limelala katika Bonde la Ufa, karibu na Longonot, mlima wa volkano. Mito ya Malewa na Gilgil huliletea maji, lakini hapana mto hata mmoja utokao humo. Mbali na yale yanayotumiwa na watu, maji yake hupunguzwa na jua, na mengine hupenya chini kwa chini katika miamba. Ndiyo sababu hayana chumvi. Basi ziwa lisilo na mlango wa kutokea, mvua zikizidi miaka michache mfululizo, halina budi kupanda na kutandaa juu ya nchi kavu.

Na ndivyo lilivyofanya tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 maji yalikuwa juu sana. Kisha yakarudi nyuma, hata kufikia mwaka 1946 ziwa lilikuwa limepungua mno. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 yakapanda tena. Mwaka 2009 watu waliona ufuko mpana umekauka, na tangu 2010 maji yakaanza kurudi. Mwaka 2020 yaliingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, na mwaka 2025 yakaingia tena, maelfu ya watu wakahama. Wengi wao si matajiri. Ni vibarua na wachuuzi waliojenga kwa jasho la miaka mingi.

Je, palikuwa hapana sheria? Sheria ilikuwapo. Wenye mashamba ya kando ya ziwa, ambao siku zile walikuwa walowezi, walipatana na Serikali mwaka 1933. Waliruhusiwa kulima na kulisha mifugo katika ardhi iliyoachwa wazi na maji, bali wasijenge humo majengo ya kudumu. Walifanya hivyo kwa faida yao wenyewe, lakini shauri lile lilikuwa la busara: ardhi hiyo ni ya kuazimwa, na mwenyewe aweza kuitaka siku yoyote.

Baadaye zikaja Kanuni za Maji za mwaka 2007. Kando ya mto, ukanda wa kuachwa ulikuwa sawa na upana wa mto, lakini usipungue mita 6 wala usizidi mita 30. Kando ya ziwa, kipimo kilianzia mahali pa juu kabisa ambapo maji yamepata kufika kwa kumbukumbu zilizoandikwa. Kutoka hapo zilihesabiwa mita 2 za kwenda juu, au mita 30 za kwenda mbali, kipimo kipi kilicho kidogo.

Neno la kwanza la kanuni hiyo ni jema sana, kwa kuwa lilitaka kumbukumbu ziulizwe, si macho ya mnunuzi aliyekuja wakati wa kiangazi. Lakini neno la mwisho lina udhaifu. Kwenye mteremko mkali, mita 2 za juu ni kinga. Kwenye uwanda, ambako ardhi huinuka mita 1 kwa kila mita 100, ukienda mita 30 umepanda sentimita 30 tu. Kwa hiyo pale ambapo maji hutandaa mbali zaidi, ndipo kinga ilipokuwa ndogo zaidi. Kwa maoni yangu, mahali pa tambarare yafaa mpaka upimwe kwa kimo, wala si kwa hatua.

Tena udongo wenyewe sharti uchunguzwe. Mwezi wa Machi 2018, karibu na Mai Mahiu, ardhi ilipasuka baada ya mvua nyingi, ikaikata barabara ya Narok. Wataalamu wengi walieleza kwamba maji yalikuwa yamechukua majivu ya volkano yaliyojaza ufa wa kale. Katika nchi ya namna hiyo, kamba ya mpima peke yake haitoshi. Hapana budi mtaalamu wa miamba aulizwe pia.

Wako watakaosema, "Ardhi ni haba, je, tuiache bure?" La, isiachwe bure. Mafunjo yakiachwa yamee, huzuia udongo usiingie ziwani. Nyuma yake ng'ombe waweza kulishwa, mahali sheria inaporuhusu. Maji yakija, mfugaji huhamisha ng'ombe wake kwa siku moja. Lakini nyumba ya mawe haihamishiki.

Basi mkulima, kabla hujatoa shilingi yako, waulize wazee maji yalifika wapi katika mwaka wa mvua kubwa kuliko zote, kisha nenda ofisi ya maji ukaulize kimo kilichoandikwa. Hati ya ardhi yaonyesha nani ni mwenye kiwanja. Haizuii maji kuingia mlangoni.

Nawe karani mwenzangu, usiidharau kazi yako. Kumkataza mtu kabla hajanunua kwamwudhi siku moja. Kupitisha karatasi zake, kisha kumletea tingatinga akiisha kuezeka, ni dhuluma, ingawa sheria yaruhusu. Mpaka na uchorwe mapema, uwekewe mawe yanayoonekana na watu wote, na usisogezwe kwa ajili ya mkubwa wala mdogo. Tahadhari kabla ya hatari.