Amehama, Amehamia Wapi?

Sisi wanafunzi wa sarufi twajua kwamba kiambishi kimoja tu huweza kubadili mwelekeo wa kitenzi. Kuhama ni kuondoka mahali. Kuhamia ni kwenda kukaa pengine. Tofauti hii ndogo ndiyo kiini cha tatizo la tafiti zinazowafuatilia watu walewale kwa miaka mingi.

Kituo cha utafiti cha APHRC kilianza mwaka wa 2002 kufuatilia uhai na afya ya wakaazi wa Korogocho na Viwandani, jijini Nairobi, kwa kuzuru kaya zao mara kwa mara. Viwandani, hasa, huwavutia vijana wanaotafuta kazi katika viwanda vya jirani. Kazi ikiisha, nao huondoka. Atokaye nje ya mipaka ya utafiti huandikwa kuwa amehama na, asiporejea, hadithi yake hukomea hapo.

Lakini watu hawahami kwa nasibu tu. Mmoja amepandishiwa kodi ya nyumba, mwingine ameugua akarudi mashambani auguzwe, wa tatu amepata nafuu ya maisha. Tukiwahesabu waliobaki pekee, twaweza kuudhani mtaa u salama ilhali wagonjwa wake wanazikwa kwingine.

Ni maoni yangu kwamba mtafiti aombe, tangu ziara ya kwanza na kwa ridhaa ya mhojiwa, nambari ya simu ya jamaa asiyehamahama. Aidha, lugha ya hojaji itungwe kwa makini, maana anayemuulizia jirani aliyehama aghalabu hudhaniwa kuwa mdai. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapohitajika. Daftari lisiishie kwenye "amehama". Liulize pia amehamia wapi.