BUSTANI YA NYUMBANI: Mbona Miwaridi Yanyong'onyea?

Mama mmoja wa Balangdalalu, wilayani Hanang, ametuandikia kwa masikitiko. Miwaridi yake minne, aliyoipanda mlangoni ili apate maua ya kuwakirimu wageni siku za furaha, yanyong'onyea. Kila jioni huinywesha maji ya kisima, na kila juma huitia majivu ya jikoni. Sasa jirani amemshauri anunue sumu ya wadudu. Atuuliza: je, ainunue, au aing'oe miti yake?

Jawabu letu ni kwamba asinunue wala asing'oe kabla ya kuutazama mti. Mmea hausemi, lakini majani yake ni ulimi wake.

Majani machanga ya juu yakiwa ya manjano, na mishipa yake ingali kijani, mti wakosa chuma. Huenda chuma kimo tele udongoni, ila udongo wenye magadi hukifunga, mizizi isiweze kukifyonza. Yakitangulia kugeuka manjano majani makuukuu ya chini, yaelekea ni njaa ya mbolea. Kingo za majani zikikauka kama zilizoungua, shuku chumvi. Madoa meusi ni ukungu, upendao majani yaliyolala na maji. Na vichipukizi vikijikunja na kunata, mna vidukari. Hao huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo.

Mama yetu asema majani machanga ni manjano yenye mishipa kijani, kingo zimekauka, na juu ya udongo pana ukoko mweupe. Hapo ugonjwa wajidhihirisha. Hanang ni nchi ya volkano, na maziwa yake, Balangida na Balangida Lelu, ni ya chumvi. Si ajabu kisima nacho kikawa na magadi. Vijana wa nyumba na wajaribu: watie maji ya kisima katika sahani moja na maji ya mvua katika ya pili, waziweke juani mpaka zikauke. Weupe utakaosalia katika ile ya kwanza ndio uliokuwa ukinyweshwa miwaridi kila jioni. Na majivu huzidisha ukali uleule. Kumbe yaliyotendwa kwa mapenzi ndiyo yaliyodhuru!

Basi aache majivu. Akinge maji ya mvua ya paa katika pipa, na hayo ndiyo ainyweshe, asubuhi, shinani wala si majanini. Alegeze udongo, auchanganye na samadi iliyooza vyema, wala si mbichi. Maji yakituama, ainue tuta na kuyafanyia njia, ili mvua ioshe chumvi ishuke chini. Majani yaliyokwisha kuharibika asiyangoje yapone, atazame yatakayochipua.

Ama sumu, isingeondoa hata chembe moja ya chumvi. Ingebaki juu ya maua ambayo watoto huyachuma na wageni huyanusa.

Wala asidhani kwamba nchi ya juu haifai waridi. Huko Jabal Akhdar, Oman, mawaridi hulimwa milimani, na maua yake hutolewa maji ya waridi, yale tuyajuayo katika mrashi. Ubaridi wa Hanang si adui. Adui yumo ndooni. Abadili maji, asubiri, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kustawisha.