Jasho la Mfungwa Nalo Lina Mwenyewe

Ndugu yangu wa Kibaha, nawe wa Kisarawe, unawaona kila siku. Vijana wenye sare za rangi ya chungwa, majembe begani, askari mwenye bunduki nyuma yao. Wanarudi mchana, chumvi ya jasho imeganda mgongoni. Unawatazama, unasema, "Waache wakione!" Kisha unapita.

Wakione nini? Na wewe unaona nini?

Najua utanijibu kwa Katiba. Kweli, Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti, halafu inamtoa anayetumikia hukumu ya mahakama. Sawa. Sheria imeruhusu mfungwa afanyishwe kazi. Lakini haikuruhusu anyonywe!

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930 nao uliruhusu kazi ya mfungwa, ila ukaweka mpaka: asikodishwe kwa mtu binafsi wala kampuni. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zikaongeza: mfungwa asifanywe mtumwa, asimtumikie askari kwa faida ya askari huyo, alipwe ujira wa haki, atume sehemu nyumbani, nyingine awekewe akiba hadi atoke.

Kazi yenye mpaka ni adhabu. Kazi isiyo na mpaka, isiyo na ujira, isiyo na fundisho, ni utumwa. Uvike sare, uupe lango na kufuli, ni utumwa.

Julai 2018, Rais Magufuli, akimwapisha Kamishna Jenerali wa Magereza, alitaka wafungwa wafanye kazi usiku na mchana, na mvivu apigwe mateke. Wangapi tulishangilia? Tulilala usingizi gani siku ile?

Na sisi watu wa Pwani ndio tulale? Mwaka 1902 Wajerumani walianza kuwalimisha Wazaramo pamba kwa shuruti, kwa ujira usiotosha hata chumvi. Mzaramo mmoja, Kibasila, alikataa. Wakati wa vita vya Maji Maji wakamnyonga. Leo shule ina jina lake, tunamwita shujaa. Mjukuu wake akilimishwa bure, tunasema anastahili. Mkuki kwa nguruwe!

Sasa hesabu hasara. Mtu akitumika miaka mitano, akatoka na sugu mikononi bila senti mfukoni, ataanzia wapi? Mke ameshachoka kukopa dukani, watoto wameacha shule. Usiku wa tatu atavunja mlango wa nani? Wako!

Na kijana wako anayetafuta kibarua cha kupalilia, nani atamlipa ikiwa kuna mikono ya bure? Na atakayezoea mikono ya bure, lini atataka wafungwa wapungue?

Usiseme hayakuhusu. Jela haikujengewa mbuzi. Kesi ya kusingiziwa, ajali barabarani, ugomvi wa mpaka wa shamba, nawe umo ndani. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Simtetei mwizi. Afungwe, afanye kazi, ajifunze useremala, ushonaji, ufundi wa viatu. Lakini kuanzia gereza la Mkuza hadi Ukonga hadi Karanga, kila gunia na kila meza vihesabiwe hadharani, na fungu la aliyevitolea jasho liandikwe kwa jina lake.

Mwulize mbunge wako: mfungwa analipwa kiasi gani, na nani anazishika hizo fedha? Mwulize mkutanoni, mbele ya watu. Akikwepa, rudia swali. Akikwepa tena, mnyime kura.