Mnamcheka Lockhart, Mimi Simcheki

Wiki iliyopita umeme ulikatika hosteli, tukajikuta watu sita kwenye kimbweta, simu zote zimezima. Mtu akaanzisha ubishi: ukimweka Voldemort pembeni, ni nani mbaya kuliko wote katika vitabu vya Harry Potter? Umeme ulirudi, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuchaji. Umbridge alipata kura tatu, Bellatrix moja, Pettigrew moja. Ya sita ilikuwa yangu. Nilimpa Gilderoy Lockhart, nikazomewa. Naandika hapa kwa sababu pale hawakuniacha nimalize.

Kwanza niwape wenzangu haki yao. Dolores Umbridge anamlazimisha mwanafunzi aandike kwa kalamu inayochana mkono wake mwenyewe, wino ukiwa damu yake. Ndiye aliyewatuma Dementors kwa kijana wa miaka 15, kisha akakaa kwenye baraza lililomhukumu kijana huyohuyo kwa kujitetea. Kila mmoja wetu ameshamwona ofisini mtu wa aina yake, anayekutabasamia huku anakunyima muhuri. Peter Pettigrew aliwauza marafiki zake, na mmoja wao akakaa jela ya Azkaban miaka 12 kwa kosa lisilo lake. Bellatrix Lestrange na wenzake waliwatesa wazazi wa Neville mpaka wakapoteza akili. Hawa siyo watu wa mchezo.

Sasa Lockhart. Anaingia kitabu cha pili, kilichotoka 1998, akiwa mwalimu mtanashati mwenye sifa kibao. Vitabu anavyowaagiza wanafunzi wanunue kavitunga mwenyewe. Jaribio lake la kwanza lina maswali 54, na yote yanamhusu yeye, kuanzia rangi anayoipenda. Hapo tunacheka, na J.K. Rowling anataka tucheke.

Lakini karibu na mwisho wa kitabu anakiri. Yale mambo makubwa yaliyomo vitabuni hakuyafanya yeye. Aliwatafuta waliyoyafanya, akawauliza hatua kwa hatua walivyoweza, halafu akawafutia kumbukumbu na kuandika jina lake. Mmoja ni mzee wa Armenia aliyekiokoa kijiji dhidi ya watu wanaogeuka mbwa mwitu. Kosa la mzee huyo? Sura yake isingependeza kwenye jalada.

Hebu tulia hapo. Mwizi wa kawaida anakuacha unajua umeibiwa. Utapiga kelele, utaenda polisi, angalau utanung'unika. Lockhart anaondoka na mali, ushahidi na malalamiko yako kwa pamoja. Mzee yule hawezi kudai kitu, maana hajui kama aliwahi kuwa nacho. Hata sisi wasomaji hatuambiwi anaitwa nani.

Mtu akaniambia pale kimbwetani, "Lakini Lockhart hajaua." Kweli, ila angalia ilikuwa karibu kiasi gani. Ginny ana miaka 11 na yuko chini ya shule, anakufa. Wakati huo mwalimu wetu anafunga mabegi akimbie. Anapolazimishwa kushuka, anaikwapua fimbo ya Ron ili awafutie akili watoto wawili wa miaka 12 na 13, kisha apande juu kutangaza kwamba alichelewa kumwokoa binti. Kilichowaokoa ni fimbo mbovu iliyomgeuzia uchawi mwenyewe. Huruma haikuwepo.

Mwingine akasema kusahaulishwa hakuumi. Huyo arudi kitabu cha nne amsome Bertha Jorkins, ambaye uchawi wa aina hiyo uliharibu kumbukumbu zake moja kwa moja. Halafu aende cha tano, hospitali ya St Mungo's. Wodi anayolazwa Lockhart ndiyo wodi ya wazazi wa Neville. Mama anampa mwanawe ganda la bablishi, na Neville analiweka mfukoni. Upande wa pili Lockhart bado anagawa saini. Wahanga wa Bellatrix wana kitanda, na wana mtoto na bibi wanaokuja kuwaona. Wahanga wa Lockhart hawana hata wodi, kwa sababu hakuna anayejua kwamba ni wagonjwa.

Nakubali Umbridge aliumiza watu wengi zaidi. Kama tunahesabu vichwa, kashinda. Mimi naangalia sababu. Pettigrew aliogopa kufa. Bellatrix alimwabudu bwana wake. Umbridge anaamini ile sheria yake. Lockhart aliharibu akili za watu wema ili apate picha nzuri ya jalada, basi. Hakukuwa na hofu wala imani nyuma yake.

Na kwa nini linanikera hivi? Mwaka wa kwanza tulipewa kazi ya kundi, watu watano. Mmoja wetu, kijana mkimya, aliifanya karibu yote. Siku ya kuwasilisha nilisimama mimi, kwa sababu najua kuongea. Mhadhiri akasifia "uchambuzi wako". Nikasema asante. Baadaye alihitaji mtu wa kumsaidia kukusanya data, kwa malipo, akaniita mimi. Muhula huo bumu lilichelewa, na yule mwenzangu alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku. Mimi nilikuwa nashiba. Sikuhitaji fimbo ya uchawi. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi, ila mhadhiri aliikumbuka sura yangu, nami nikanyamaza.

Yeye pia alikuwepo pale kimbwetani, na alinizomea kama wengine. Kabla ya kuipeleka makala hii kwa mhariri nilimpa aisome. Alisoma kimya, akanirudishia, akasema, "Nilikuwa najua. Nilikuwa nasubiri useme." Halafu akaongeza kwamba kura yake bado ni ya Umbridge na kwamba namdai msamaha wa bure wakati yeye ananidai chipsi mayai za muhula mzima.

Nimeanza kulipa. Yule mzee wa Armenia hana wa kumdai.