Mafuta ya nazi yana kazi zake, pua ya mtoto haimo

1. Leo tuongee mafuta. Siji kuyaponda, maana nyumbani kwangu hayakosekani: alizeti ya kupikia, mawese shemeji akitoka Kigoma, na chupa ya nazi ya kupaka.

2. Kuna mtoto simsahau. Miezi miwili, aliletwa usiku anahema kama amekimbizwa, kifua kinabonyea. Alianza na mafua tu. Siku tatu nyumbani akawa anadondoshewa mafuta ya nazi puani "yamfungue". Mafuta hayabaki puani, jamani. Mtoto akivuta pumzi yanateremka hadi kwenye mapafu, na mapafu hayana njia rahisi ya kuyatoa. Yanavimba. Alikaa kwenye oksijeni siku kadhaa ndipo akapona. Mama yake alikuwa analia, anarudia, "Nesi, lakini ni ya asili."

3. Hapo ndipo mimi nagombana na wauzaji wa mtandaoni. Neno "asili" limegeuzwa cheti cha usalama. Maji nayo ni ya asili, na yakiingia kwenye mapafu yanaua. Swali la kujiuliza ni: mafuta haya naweka wapi, na kwa kazi gani?

4. JIKONI, mafuta ni rafiki. Vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili mwili uzipokee, kwa hiyo mchicha wa kuchemsha mtupu unakupunja. Mtoto aliyefika miezi 6 na kuanza kula, weka kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye uji wake. Kina kama kalori 40, na tumbo lake ni dogo. Mawese mekundu ni mazuri zaidi, maana ile rangi mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Usiyachome mpaka yawe meupe, utakuwa umeiunguza faida yenyewe. Nazi ni tamu, ila mafuta yake yanapandisha lehemu mbaya, hivyo anayekwambia unywe vijiko kila asubuhi kulinda moyo anakudanganya. Na yale ya kukaangia yakishakuwa meusi na kutoa povu, mwaga.

5. KWENYE NGOZI, sawa kabisa. Mtoto akitoka kuoga, mkaushe kwa kumgusagusa, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo mpake safu nyembamba ya nazi au alizeti. Kama joto limemtoa vipele, punguza mafuta, ngozi ipumue. Kitovu ambacho hakijadondoka usikipake mafuta. Kiache kikavu na kisafi, au tumia dawa uliyopewa hospitali tu.

6. KUUNGUA, hapana! Uji ukimmwagikia, mpeleke kwenye maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Hakuna bomba? Mmwagie kwa kikombe, taratibu. Mafuta yanafungia joto ndani, na akifika kwetu inabidi tuyasafishe juu ya kidonda ndipo tuone kilichopo. Mnajua mtoto anavyolia hapo? Mimi najua. Dawa ya meno na yai, hivyo hivyo, hapana. Ukimaliza maji, mfunike kwa kitambaa kisafi umlete.

7. MAFUA: matone ya maji ya chumvi ya famasi, na nyonyesha mara kwa mara. Ukiona anapumua haraka, kifua kinabonyea au anashindwa kunyonya, usisubiri asubuhi.

8. Najua mtakachoniuliza: "Nesi, chupa ameshika mama mkwe, nitamwambiaje?" Usibishane naye. Mpe kazi. Mwambie, "Mama, puani nimekatazwa hospitali, lakini nakuomba umkande mgongo na miguu akishaoga, mikono yako anaipenda." Bibi anabaki na heshima yake, mtoto anapata mkando, mapafu yanabaki salama. Wazee wetu hawakosei kupenda mafuta. Hata watafiti Bangladesh, mwaka 2005, waliona watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi machache zaidi. Lakini walipakwa kwenye ngozi.

9. Mtumie mwenzio aliyejifungua juzi, na baba watoto asome pia. Kesho tunaongea homa: lini umpe panado, lini umlete. Usiku mwema.